Hana, dul, set au il, i, sam: nishike hesabu ipi ya Kikorea?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 21, niko Mombasa. Nimecheza taekwondo tangu darasa la sita, na hesabu ya Kikorea niliijulia ukumbini: hana, dul, set, net, mpaka yeol. Mwaka huu nimepata nafasi ya kwenda kusoma Korea Kusini, nikaanza kujifunza lugha kwa simu. Programu inanifundisha il, i, sam, sa. Rafiki yangu aliye Daejeon anasema zile za taekwondo ni za zamani, za watoto na wazee, nisijisumbue nazo. Lakini kwenye video nawasikia wanasema 'han' na 'du', ambazo sizioni kwenye orodha yoyote. Juzi nilimwandikia mwenye nyumba ninakotaka kupanga tuzungumze saa mbili, nikaandika 'i si' kwa herufi zao, akanijibu alama ya kuuliza tu. Tangazo la chumba lenyewe limeandikwa 500/40 na sielewi maana yake. Nimebakiwa na miezi mitatu. Nishike hesabu ipi? Kichwa changu cha hesabu si kizuri, naogopa nitafika huko nishindwe hata kununua mkate."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Chini ya maswali yote naona hofu moja: umepewa hesabu mbili, kila upande unakwambia ule mwingine ni kosa, na siku zinakwenda. Basi nianze na la kukutuliza. Mwalimu wako wa taekwondo hakukosea. Programu ya simuni nayo haikukosea. Aliyeteleza ni rafiki yako wa Daejeon, na naelewa alipotelezea. Mgeni wa Korea kutwa anasikia bei, tarehe, namba za basi na namba za simu, na hizo zote ni il, i, sam. Ni rahisi kudhani hana, dul, set ni masalia. Lakini siku atakapokwenda mgahawani na wenzake wawili, mhudumu atawauliza mlangoni wako wangapi, na jibu la Mkorea yeyote, awe mtoto wa chekechea au profesa, ni se myeong, watu watatu. Hiyo se ni set yako ya ukumbini, imevaa nguo ya kutokea.

Kikorea kina hesabu mbili, zote hai, zote za kila siku. Moja ni ya asili: hana, dul, set, net, daseot, yeoseot, ilgop, yeodeol, ahop, yeol. Nyingine ilitoka Uchina: il, i, sam, sa, o, yuk, chil, pal, gu, sip. Huchagui moja ukaiacha nyingine, kwa sababu hazishindani. Zimegawana kazi.

Ushahidi usiutafute mbali, umo ukumbini mwenu. Mkipiga mateke mnahesabu hana, dul, set. Je, zile poomsae, yaani mifululizo ya mapigo mnayoikariri, kama chama chenu kinafuata mtindo wa Olimpiki, zinaitwaje? Taegeuk Il Jang, Taegeuk I Jang, Taegeuk Sam Jang, mpaka ya nane, Pal Jang. Mkanda mweusi wa daraja la pili ni i dan, wa tatu ni sam dan. Miaka yote hiyo ulikuwa unatumia hesabu zote mbili, kila moja mahali pake, na hukuwahi kusema "Taegeuk Hana". Mateke yanahesabiwa kwa hesabu ya asili. Daraja na namba ya mpangilio kwa ile ya Kichina. Miguu yako ililijua somo hili kabla ya kichwa chako.

Kwa nini lugha moja ibebe hesabu mbili? Tutazame kwanza ya kwetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na kuanzia ishirini kwenda juu, thelathini, arobaini, mia, elfu, zote zilikuja na jahazi. Za zamani za kwetu bado zina alama zake. Kenda ndiyo tisa, na wewe wa Mombasa unaitamka kila ukiwataja Mijikenda, watu wa miji kenda. Fungate ndiyo saba, leo imebaki kwa maarusi. Tofauti yetu na Wakorea ni kwamba kwetu mgeni alipoingia mwenyeji aliondoka kitini. Kwao walikaa wote wawili.

Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina kwa karne nyingi kabla Mfalme Sejong hajatangaza maandishi yao wenyewe, Hangul, mwaka 1446. Kodi, kalenda, vyeo, vipimo na fedha viliingia vikiwa vimeandikwa, na vikaja na hesabu yake. Mambo ya mkononi na machoni, yaani watu waliokaa sebuleni, ng'ombe waliomo zizini, bakuli zilizopo mezani, umri wa mtoto, yakabaki na hesabu ya nyumbani. Zamani hesabu ya asili ilikuwa hata na mia yake, on, na elfu yake, jeumeun. Zote mbili zilikufa, ndiyo maana leo hesabu hiyo inakoma 99, na kuanzia mia hata Mkorea mwenyewe anashika ya Kichina.

Kwa hiyo mimi wanafunzi wangu nawaambia hivi. Kilichokuja na karatasi kihesabu kwa Kichina: fedha, tarehe, mwezi, mwaka, dakika, ghorofa, chumba, basi, simu, kilo, mita. Kilicho mbele ya macho, unachoweza kukinyooshea kidole, kihesabu kwa asili: watu, wanyama, vitu, vikombe, chupa, vitabu. Tia humo na umri, na mara ulizofanya jambo. Kanuni hii ina vitobo. Ukiagiza nyama mgahawani kwa sehemu za watu, sehemu za watu wawili ni i inbun, kwa Kichina, japo sahani iko mbele yako. Na saa, kama utakavyoona, imekatwa katikati. Lakini kwa kuanzia inatosha, na vitobo utaviziba kimoja kimoja kila utakapokutana navyo.

Sasa zile han na du. Usiogope, si hesabu ya tatu. Ukihesabu hewani unasema moja, mbili, tatu. Ukihesabu watu unasema mtu mmoja, watu wawili. Ukihesabu viti, kiti kimoja, viti viwili. Namba ikiwa peke yake ina umbo lake, ikisimama na kitu inabadilika. Kikorea ndivyo kilivyo, tena kwa huruma zaidi, maana hakina ngeli, na zinazobadilika ni tano tu: hana inakuwa han, dul inakuwa du, set inakuwa se, net inakuwa ne, na seumul, yaani ishirini, inakuwa seumu. Daseot mpaka yeol haziguswi, kama ambavyo sita, saba, tisa na kumi haziguswi kwetu: watu sita, viti sita. Katika kumi na moja inabadilika ile ya mwisho: yeol hana ukihesabu hewani, yeolhan myeong ukihesabu watu, sawasawa na sisi tunavyosema watu kumi na mmoja. Ungekuwa na miaka 20 ungesema seumu sal. Kwa 21 yako ni seumulhan sal. Na miaka usijiongezee: ile desturi ya Wakorea ya kumpa mtoto mwaka mmoja siku anapozaliwa iliondolewa kwenye shughuli za kisheria na za ofisi tangu Juni 2023.

Hilo myeong na hilo sal ni maneno ya kuhesabia, na kila aina ya kitu ina lake. Myeong ni la watu, bun la watu unaowaheshimu, mari la wanyama, gae la vitu kwa jumla, jan la vikombe, byeong la chupa, gwon la vitabu, jang la vitu bapa kama karatasi na tiketi, dae la magari na mashine. Vitabu vingi vya Kikorea vinalieleza jambo hili kama maajabu ya dunia. Kwa Mswahili si maajabu. Kibandani unasema "chai vikombe viwili", "maji chupa tatu", "sukari kilo mbili". Mkorea anasema cha du jan, mul se byeong. Kitu kinatangulia, kama kwetu, na hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopokezana nafasi: sisi vikombe viwili, wao viwili vikombe. Wanafunzi waliokulia lugha ambazo namba hutangulia kila kitu huhangaika sana na hili. Wewe umeshafika nusu ya njia.

Miezi yangu ya kwanza Busan, kule Korea, nilikwenda kwa mama mmoja muuza matunda, nikanyooshea kidole matofaa, nikasema sagwa i gae. Nilitaka mawili. Lakini i kwa Kikorea ni "hii" pia, na aliyenisikia hakusikia namba. Akalichukua tofaa lile lile nililolinyooshea kidole, moja, akalitia mfukoni. Nikainua vidole viwili. Akaweka mfuko chini, akainua vyake viwili, akasema polepole kama anayemfundisha mjukuu: du gae. Akanitazama mdomo mpaka niliporudia sawasawa, ndipo akaongeza la pili. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na hakuna kilichonifundisha zaidi ya yule mama.

Na hapo ndipo ulipokwama na mwenye nyumba wako. Saa inahesabiwa kwa asili: saa 2 ni du si. Uliandika i si kwa herufi, na mtu anaweza kuisoma "saa hii". Ungeandika 2시, kwa tarakimu, angeisoma du si bila kufikiri. Tarakimu yenyewe haisemi isomweje; neno linaloifuata ndilo linaloamuru. Tazama 2시 2분, saa mbili na dakika mbili. Inasomwa du si i bun. Tarakimu ni ile ile, zimeachana upana wa kidole, na kila moja ina sauti yake, kwa sababu saa ni ya asili na dakika ni ya Kichina. Mfano mwingine ni beon: han beon ni mara moja, il beon ni namba moja. Ukiona tarakimu, macho yaruke kwanza kwenye neno linaloifuata, kisha ndipo ufungue mdomo. Zoezi hili moja lina faida kuliko kukariri orodha mara mia.

Bado nina swali kuhusu hiyo saa mbili yako. Uliikusudia saa mbili ipi? Wakorea wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama saa ya ukutani inavyosomeka, si kuanzia alfajiri na magharibi kama sisi. Saa yetu mbili asubuhi ni yao ya 8, yeodeol si. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa afike ofisini ahop si. Akajua ahop ni tisa, akaitafsiri "saa tisa", akafika alasiri, saa sita baada ya wakati wake. Kikorea chake hakikuwa na kasoro. Kilichomponza ni Kiswahili chake.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Korea inatutangulia kwa saa sita, na namba ya saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya ukutani kwa sita pia. Ziweke pamoja: Mombasa ikiwa saa mbili asubuhi, saa ya ukutani kule Korea inaonyesha 2, mchana. Saa tatu yako asubuhi ni 3 yao, saa nne yako ni 4 yao. Mradi uko nyumbani, namba ya saa yako na ya kwao ni moja. Siku utakayoshuka kiwanja cha ndege cha Incheon bahati hiyo itakwisha, na itakubidi uzoee kuongeza au kupunguza sita mpaka saa ya ukutani iwe ndiyo saa ya kichwani. Mimi ilinichukua majuma kadhaa. Nakushauri ubadili saa ya simu yako leo na uanze kuisoma Kikorea. Ojeon ni kabla ya adhuhuri, ohu ni baada yake, na yote mawili hutangulia saa. Nusu ni ban, na inakaa pale pale tunapoiweka sisi: yeodeol si ban, saa nane na nusu ya ukutani.

Tuje kwenye mdomo, maana hapa ndipo Waswahili wengi tunapopotezea fedha. Kiswahili kinapenda silabi iishie kwa vokali. Neno la kigeni likija limefungwa mwisho, tunalifungua: samu, sipi, yuki, seti. Kwenye maneno mengine hiyo ni lafudhi tu na hakuna atakayekulaumu. Kwenye hesabu ni balaa. Moja ni il, mbili ni i. Tatu ni sam, nne ni sa. Kati ya moja na mbili, na kati ya tatu na nne, tofauti yote iko kwenye sauti ya mwisho: ulimi umegusa juu au haukugusa, midomo imefungwa au imebaki wazi. Ukisema "sa-mu", Mkorea amekwisha kusikia sa, nne, kabla hujamaliza.

Fanya hivi. Simama mbele ya kioo, sema sam, na midomo ikikutana iache imefungwa. Hesabu mpaka tatu kimoyomoyo ndipo uifungue. Kisha sip, vivyo hivyo, midomo imefungwa, pumzi isitoke. Weka kiganja mbele ya mdomo: ukihisi upepo, umeongeza vokali. Kwa yuk, mlango unafungwa kooni. Kwa set, net na daseot, herufi ya mwisho kwenye maandishi ni ya s, lakini hakuna s inayosikika. Ulimi unabandikwa nyuma ya meno kama unaanza t, kisha unakaa kimya. Kwa il, chil na pal, ncha ya ulimi inabaki juu. Dakika tano kila asubuhi kwa majuma mawili, na mdomo utazoea.

Kuna jingine ambalo wewe wa Mombasa unalo bure. Pal, chil na cheon, yaani elfu, zinaanza kwa sauti yenye pumzi nyingi. Mtamkie bibi yako "paa", paa la nyumba, kisha "paa", paa wa porini. Kwa Kimvita cha wazee, paa wa porini ana pumzi na paa la nyumba halina. Pumzi hiyo ya mnyama ndiyo ya pal.

Na tafadhali, acha kujifunza kwa herufi za Kilatini. Zile eo na eu zinazoandikwa kwenye yeol na seumul si vokali mbili mbili. Eo ni vokali moja, kama o ambayo midomo haikuviringwa. Eu ni kama u, lakini midomo imetandazwa kama unasema i. Mswahili akisoma "yeol" kwa Kilatini atasema ye-o-li, na amekwisha. Hangul inajifunzwa kwa siku chache, nasema kweli, na ukiijua utaona 열 ni silabi moja iliyofungwa. Hata mimi hapa nimeandika kwa Kilatini kwa sababu tu nakujibu kwa maandishi. Ungekuwa mbele yangu nisingefanya hivyo.

Fedha sasa. Hofu ya mkate iondoe, mkate utanunua. Shida ni namba kubwa, kwa sababu Wakorea hawafungi mafungu kwa elfu. Wanafunga kwa elfu kumi, na fungu hilo linaitwa man. Noti zao ni za won 1,000, 5,000, 10,000 na 50,000: cheon won, o cheon won, man won, o man won. Elfu kumi ni man, si sip cheon, na mbele ya man huweki il. 35,000 ni sam man o cheon. Ukifika 100,000 unasema sip man, man kumi, na hapa Kiswahili kinakubeba tena, kwa sababu tuna laki. Laki ni sip man. Laki tano ni osip man. Laki kumi, yaani milioni, ni baek man. Mtu anayefikiri kwa elfu na milioni tu hana kituo cha kupumzikia kati yake; wewe unacho, kipande unachokijua tangu utoto. Ukiona bei ndefu, funika sifuri nne za mwisho kwa kidole gumba, soma kilichobaki, kisha sema man. 270,000: funika nne, inabaki 27, isip chil man.

Hiyo ndiyo siri ya 500/40 yako. Matangazo ya nyumba Korea huandikwa kwa kipimo cha man, zile sifuri nne zimeachwa kwa kuwa kila mtu anajua zipo. Namba ya kwanza ni amana unayomwekea mwenye nyumba, inaitwa bojeunggeum. Ya pili ni kodi ya kila mwezi, wolse. Kwa hiyo amana ni o baek man, won 5,000,000, na kodi ni sasip man, won 400,000 kwa mwezi. Sikutishi, lakini sitaki uende ukidhani ni won 500.

Mengine nayapitia haraka. Sifuri ni yeong, ila kwenye namba za simu husemwa gong, na simu za mkononi huanza gong il gong, 010. Kumi na sita huandikwa sip na yuk lakini husikika simnyuk. Miezi ni namba ya Kichina pamoja na wol, isipokuwa Juni ni yuwol na Oktoba ni siwol. Kwenye baadhi ya lifti utakuta F badala ya 4, kwa kuwa sa inafanana kwa sauti na neno la kifo. Kuna pia haru, iteul, saheul, naheul, yaani siku moja mpaka siku nne. Hizo ziache kwa sasa, ila jua kwamba saheul ni siku tatu, si nne. Hata vijana wa Kikorea huikosea kwa kuisikia ile sa, kama vijana wetu wasivyojua mtondo na mtondogoo.

Sasa miezi yako mitatu. Watu watakwambia il, i, sam inatosha kwa kuanzia, na kwa upande mmoja wanasema kweli: ukikosea hesabu, Mkorea mvumilivu atakuelewa baada ya kitambo. Lakini unachosema unakichagua mwenyewe, unachoambiwa hukichagui. Daktari akikwambia umeze kidonge mara tatu kwa siku atasema se beon, na hatakuuliza kwanza unajua hesabu ipi. Kwa hiyo mimi sikubaliani na hesabu moja.

Ningekuwa wewe, juma la kwanza ningelitia lote kwenye Hangul na kwenye kufunga mdomo. Kisha hesabu ya Kichina mpaka 99, ambayo ni rahisi mno: ishirini ni isip, mbili-kumi, thelathini na tano ni samsip o. Ukijua kumi za kwanza umezijua zote. Baada yake ya asili, moja mpaka ishirini tu, pamoja na han, du, se, ne, seumu, na maneno ya kuhesabia matano: myeong, gae, jan, si, sal. Mwezi wa pili fedha na saa, kila siku, kwa bei halisi na saa halisi. Zile kumi za juu za asili, seoreun, maheun, swin, yesun na ndugu zake mpaka aheun, ziache mwezi wa tatu. Utazihitaji zaidi kwa umri wa wakubwa, na hakuna haja ya kuzibeba leo. Kuhusu kichwa cha hesabu, sikuombi ujumlishe wala utoe. Haya ni maneno ya lugha, na kichwa kilichoshika ngeli za Kiswahili kinayamudu.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. La kwanza ni sikio. Kama baada ya mwezi bado unazichanganya il na i ukisomewa, au kama unakusudia kufanya TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, ambao kwa ngazi ya mwanzo una maswali 30 ya kusikiliza kati ya 70, tafuta mtu wa kukaa naye: mwalimu wa Kikorea chuoni, Mkorea anayeishi mjini kwenu, au mwalimu wako wa taekwondo kama alisomea Korea. Kama yeye alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu, mshukuru, lakini matamshi yachukue kwingine. Simu haiwezi kukutazama midomo. Vipindi vinne vya ana kwa ana vyenye nusu saa kila kimoja vinatosha kurekebisha hilo.

La pili ni mkataba. Usitume amana kwa mtu ambaye hujawahi kumwona, kwa chumba ambacho hujakikanyaga, kwa namba uliyoisoma mwenyewe. Subiri ufike, au mwombe mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako asome mkataba nawe, namba kwa namba, kwa sauti. Mwambie aandike sifuri zote. Milioni tano ni fedha ya kupoteza usingizi.

Ila kuzungumza na mwenye nyumba hakuna ubaya, na umemwacha na alama yake ya kuuliza. Kama saa mbili uliyokusudia ni ya asubuhi kwako, mwandikie hivi:

안녕하세요. 내일 오후 2시에 전화해도 될까요?

Annyeonghaseyo. Naeil ohu du si-e jeonhwahaedo doelkkayo? Yaani unamsalimu, kisha unamuuliza kama unaweza kumpigia kesho saa 2 ya mchana kwao. Tarakimu iache tarakimu, yeye anajua pa kuiweka. Kesho saa ikigonga mbili asubuhi Mombasa, mpigie.